Kuandaa na kukagua vifaa vya kuzamia ukiwa Moshi au Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wazamiaji wanaoishi huku juu, chini ya Kilimanjaro na Meru, ambao bahari yao iko Tanga, Pangani, Pemba, Unguja au Mafia. Mtu wa Nungwi akikuta mkanda wa pezi lake umekatika, anatembea dakika chache na kupata mwingine. Wewe wa Majengo au Njiro ukilikuta hilo ukiwa tayari kwenye boti, nauli, likizo na siku nzima ya basi zimekwenda. Kwa hiyo ukaguzi wetu unafanyika nyumbani, mapema, na sehemu kubwa yake bila mtungi wa hewa.

Nianze kukagua lini?

Regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, ianze wiki sita au zaidi kabla ya safari. Vifaa vingine vinatosha wiki moja. Usiku wa mwisho ni wa kufunga begi tu. Ukikuta tatizo usiku huo, huna tena la kufanya.

Regulata ina muda mrefu kwa sababu ikihitaji sevisi lazima ifunguliwe na fundi aliyefunzwa na mtengenezaji, mwenye vipuri vyake halisi. Fundi wa aina hiyo unampata kupitia vituo vikubwa vya uzamiaji vya pwani, na vipuri mara nyingi huagizwa nje. Watengenezaji wengi wanataka sevisi kila mwaka au kila baada ya mbizi 100, lolote litakalotangulia. Wengine wanaruhusu miaka miwili, mradi ukaguzi ufanyike kila mwaka. Soma kijitabu cha regulata yako mwenyewe, usifuate cha rafiki. Na tafadhali usimpe fundi wa majiko ya gesi, hata awe hodari kiasi gani. Ndani ya hatua ya kwanza, ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi, kuna viti vya vali na oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zinazoshusha presha kutoka bar 200 hadi takriban bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka, na mkwaruzo usioonekana kwa macho unatosha kuharibu kazi hiyo.

Sina mtungi hapa Moshi. Nitaikaguaje regulata?

Unaweza kujua mengi bila mtungi. Anza na chujio, kile kipande cha chuma chenye matundu madogo kilichopo mahali hewa ya mtungi inapoingilia. Kimulike kwa tochi. Kikiwa na rangi safi ya chuma, vizuri. Kijani ni dalili kwamba maji ya chumvi yaliingia na kula ndani. Wekundu wa kutu unatoka kwenye mtungi wa chuma uliopata kutu. Vumbi jeusi huwa ni kaboni iliyotoka kwenye vichujio vya kompresa. Ukiona mojawapo ya rangi hizo, ipeleke kwa fundi hata kama sevisi yake ni ya juzi.

Halafu hosi. Zikunje kwa upole karibu na ncha zote mbili, kwa sababu ndiko zinakoanza kupasuka. Kama zina vile vifuniko vya mpira vya kuzilinda shingoni, visukume pembeni uangalie chini yake. Vifuniko hivyo vinafaa, lakini vinaficha nyufa, na mzamiaji asiyevisogeza hukagua kifuniko badala ya hosi. Hosi iliyovimba, yenye nyufa nyufa au iliyokauka ibadilishwe. Usiifunge kwa utepe.

Kipande cha mdomoni kivute taratibu huku na huku. Mipasuko hutokea pale meno yanapouma na pale mpira unapoingia kwenye chuma au plastiki. Angalia pia kama ukanda mdogo wa plastiki unaokishika bado umekaza. Kipande kikichomoka chini ya maji, regulata inabaki mkononi na mpira unabaki mdomoni, na pumzi inayofuata ni maji.

Mwisho, jaribio la kunyonya. Funga kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza kikaze sawasawa, weka regulata mdomoni, nyonya polepole. Hupaswi kupata hewa yoyote. Regulata inatakiwa ing'ang'anie midomoni na ibaki hivyo kwa sekunde kadhaa. Ikiwa hewa inaingia, chunguza mpira wa mdomoni, kisha ule utando laini wa kutolea pumzi, ambao huweza kujikunja au kushikwa na chembe ya mchanga, kisha nyufa za kasha. Rudia kwa oktopasi, yaani regulata ya akiba. Watu wengi huisahau oktopasi kwa kuwa hawaipumulii wao, ilhali mwenzako ataipumulia siku ambayo hana kitu kingine.

Jaribio hili halikuambii kama presha ya kati, ile ya hewa iliyokwisha kushushwa na hatua ya kwanza, inapanda polepole. Hilo linasubiri mtungi: ukifika pwani, omba kituo wakuwekee mtungi jioni kabla ya mbizi ya kwanza, fungua vali, vuta pumzi mara chache, kisha iache dakika kumi na usikilize. Regulata iliyokuwa kimya mwanzoni ikaanza kuvujisha hewa baada ya dakika chache ina kiti kilichochoka ndani ya hatua ya kwanza. Usizame nayo.

Jaketi la kuelea nilipuliza jioni, asubuhi limelegea. Linavuja?

Si lazima. Hewa iliyofungwa husinyaa kwa takriban asilimia 4 joto likishuka kutoka nyuzi 29 hadi 17, na tofauti kama hiyo kati ya mchana na usiku si ajabu huku kwetu. Jaketi limejazwa kwa presha ndogo sana, kwa hiyo asilimia hizo zinaonekana wazi unapolibonyeza. Lipulize usiku, chumba kikiwa kimeshapoa, ulikague alfajiri kabla ya jua. Likiwa limelegea hata hapo, lizamishe sehemu kwa sehemu kwenye beseni kubwa na ufuate mapovu. Anzia kwenye vali za kutolea hewa, nenda kwenye shingo ya hosi nene yenye mikunjo, maliza na mishono.

Ninachokihofia zaidi kuliko kuvuja ni kitufe cha kujazia kilichoganda kwa chumvi. Jaketi linalovuja kidogo utaligundua na kurudi juu kwa utulivu. Kitufe kinachoshikilia hewa kikiwa wazi kinakupandisha kwa kasi usiyoitaka, na kupanda haraka ndiko kunakojeruhi mapafu. Kibonyeze mara nyingi, kirudi chenyewe kila mara bila kusita. Kikisita, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu na ujaribu tena. Kikiendelea kusita ni kazi ya fundi. Na uwe umejifunza kuchomoa ile hosi ya kujazia kwa mkono mmoja huku umefumba macho.

Naweza kulainisha oringi kwa mafuta ya mgando?

Hapana. Mafuta ya mgando yanatokana na petroli, na huharibu mpira wa aina nyingi taratibu. Tumia grisi ya silikoni, kidogo sana, kiasi cha kuifanya oringi ing'ae. Ikizidi inakamata mchanga. Na kwa vifaa vya hewa yenye oksijeni ya ziada usipake hata silikoni kabla ya kumuuliza fundi, kwa sababu huko ziko grisi maalumu.

Kompyuta ya kuzamia inahitaji maandalizi gani?

Betri kwanza. Kama inaonyesha imepungua, ibadilishe huku huku, usisubiri Pemba. Angalia kama muundo wako unaruhusu kubadilisha mwenyewe au unahitaji kupimwa presha na fundi baada ya kufunguliwa.

Kisha mwinuko. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya 800 na 900. Kompyuta nyingi za sasa hupima presha ya hewa zenyewe na kujirekebisha, nyingine huwekwa kwa mkono. Ukifika pwani iwashe ukiwa bado nchi kavu, uhakikishe inasoma usawa wa bahari. Angalia pia kama iko kwenye hewa ya kawaida au kwenye mchanganyiko ulioutumia safari iliyopita. Na iwe yako peke yako kwa safari nzima: kompyuta inakumbuka naitrojeni ya aliyeivaa, haimjui aliyeazimwa.

Fundi wa matairi ana kompresa. Anaweza kunijazia mtungi wa mazoezi? Na mitungi ya oksijeni ya waongoza watalii wa mlimani?

Vyote viwili hapana, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu huku kwetu vyote viko karibu.

Kompresa ya matairi inafikisha presha ya bar chache tu, wakati mtungi wa kuzamia hujazwa takriban bar 200. Hata presha ingetosha, hewa yake imechanganyika na mvuke wa oili na pengine moshi wa injini. Monoksidi ya kaboni ambayo juu ya ardhi ingekuuma kichwa tu, kwenye kina cha mita 20 inakulemea mara tatu, kwa kuwa presha huko ni mara tatu.

Oksijeni ya mlimani inaokoa watu wanaougua kwa sababu ya kimo, lakini oksijeni tupu ni sumu chini ya maji. Kikomo kinachofundishwa ni presha ya oksijeni ya bar 1.6 kwa juu kabisa, na oksijeni tupu inafika hapo kwenye mita 6 tu. Matokeo yake ni degedege, na degedege chini ya maji maana yake ni kufa maji. Tena kifaa chake hutiririsha hewa kwa kiwango kilichowekwa, hakiongezi presha kadiri unavyoshuka kama regulata inavyofanya.

Nimepata suti ya kuzamia kwenye mitumba ya Kiboriloni. Inafaa?

Huenda. Bana kitambaa kati ya vidole viwili ukiachie: kikirudi unene wake haraka, viputo vya ndani bado vizima. Kikibaki bapa kama karatasi, hakitakupa joto. Kagua mishono kwenye makwapa na magoti, na zipu iende hadi mwisho bila kuruka jino. Isugue kwa nta ya mshumaa. Maji ya pwani yetu huwa takriban nyuzi 25 kipindi cha kusi na kufika 28 au 29 wakati wa kaskazi, kwa hiyo milimita 3 zinawatosha wengi. Ifue vizuri kabla ya kuivaa.

Miwani mpya inajaa ukungu hata nikiitemea mate.

Kioo kipya kina utando mwembamba uliobaki kiwandani. Isugue ndani kwa dawa ya meno nyeupe na kidole, suuza, rudia mara tatu au nne. Ijaribu usoni bila kuvuta mkanda: vuta hewa kwa pua, ikishika bila mkono inakufaa. Nywele moja iliyonaswa chini ya mpira inatosha kuingiza maji.

Nilipima risasi (uzito wa kunizamisha) kwenye bwawa la hoteli Arusha. Nitumie uzito uleule baharini?

Ongeza. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji yasiyo na chumvi kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana kilo 100 atahitaji kama kilo mbili na nusu zaidi. Kumbuka pia kwamba mtungi wa alumini wa kawaida wa lita 11 unabeba hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo mbili, na hewa hiyo ikiisha mtungi unaanza kuelea. Pima upya ukifika, mwisho wa mbizi ya kwanza, mtungi ukiwa na bar 50: jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho.

Bwawa ni mahali pazuri pa kupima mengine yote: kuvua miwani na kuivaa, kutafuta regulata iliyodondoka, kufungua bizimu za risasi kwa mkono wa kushoto. Ningeomba kila mtu aliyekaa nchi kavu zaidi ya miezi sita afanye hivyo kabla ya kupanda boti.

Nifunge vipi mizigo?

Regulata na kompyuta zikae nawe kitini, ndani ya begi laini lililozungushiwa suti. Buti la basi la Tanga lina vumbi, joto na magunia, na harufu ya dizeli ikishaingia kwenye mpira wa mdomoni haitoki kirahisi. Usikunje hosi kwa kona kali. Mapezi yalazwe bapa, kwa kuwa yakipindwa kwenye joto hubaki yamepinda.

Ukiruka kwenda Unguja, Pemba au Mafia, fahamu kwamba ndege ndogo nyingi zinaruhusu kilo 15 tu na zinataka begi laini. Betri za lithiamu za tochi na kamera zibebwe mkononi, kisu kiende kwenye mzigo. Mitungi na risasi usibebe kabisa, vituo vinazo. Na usifunge vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea: imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mfuko wa kitambaa au wa turubai usiopitisha maji unafaa zaidi kwa kila hali.

Weka pia kijimkoba cha vipuri: mkanda wa pezi, mkanda wa miwani, kipande cha mdomoni na kanda zake, oringi za mtungi, betri, grisi. Filimbi na boya la ishara visikose. Mkondo wa Pemba unaweza kukutoa mbali na boti haraka, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani.

Kasha la kamera nililifunga Arusha, sasa niko Pangani halifunguki.

Hewa uliyoifungia Arusha ina presha ya takriban asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo hewa ya nje inalibana. Kama lina skrubu ya kusawazisha presha, ilegeze. Usilibandue kwa bisibisi, utakwaruza oringi. Mwaka mwingine lisafirishe likiwa wazi au bila oringi yake kuu.

Kabla ya kuruka kutoka kwenye boti tukague nini?

Kila mmoja amkague mwenzake, kwa mikono na kwa sauti. Jaketi linajaa na kutoa hewa. Risasi zipo na unajua jinsi ya kuziachia. Bizimu zote zimefungwa, na mkanda wa mtungi haushuki ukiuvuta. Vali imefunguliwa hadi mwisho. Sasa vuta pumzi nne huku unaitazama geji: sindano ikitulia, sawa. Ikicheza kila unapovuta, vali haijafunguka vya kutosha. Hewa isiwe na harufu wala ladha yoyote. Pumulia oktopasi ya mwenzako, naye aipumulie yako. Halafu miwani, mapezi, kompyuta.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua tarehe, tazama mwezi pia. Siku za maji mafu (mwezi ukiwa nusu) mikondo hutulia kuliko siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu), na mbizi ya kwanza baada ya muda mrefu inastahili maji mafu.

Nikizama asubuhi Tanga, naweza kupanda basi la mchana kurudi Arusha?

Usifanye hivyo. Kati ya maswali yote haya, hili ndilo linalotuhusu sisi kuliko wazamiaji wa pwani, na ndilo linaloulizwa kwa kuchelewa.

Ukizama, naitrojeni inayeyuka mwilini, na inahitaji saa nyingi kutoka. Kupanda mwinuko kunapunguza presha ya hewa inayokuzunguka, na naitrojeni iliyobaki inaweza kufanya mapovu kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Wazamiaji wanalijua hili kwa ndege, wanalisahau kwa barabara. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza presha (kusimama kwa muda majini wakati wa kupanda), angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa za kuzama, na zaidi sana ya hapo kama mbizi ilihitaji vituo hivyo. Mwongozo huo unahusu mwinuko wa hewa wa kuanzia takriban mita 600 hadi 2,400. Moshi imo. Arusha imo kabisa.

Barabara yenyewe inadanganya. Kutoka Muheza hadi Segera, Korogwe na Mombo bado uko chini, mwili hausemi kitu. Kisha unapanda kuelekea Same na Mwanga, na baada ya Boma Ng'ombe unapanda tena kuingia Arusha. Anayekatisha kulala Lushoto anafika mita 1,400 mapema zaidi. Kwa hiyo panga siku ya mwisho isiwe ya kuzama. Tembelea mapango ya Amboni, kaa Pangani, suuza vifaa na uvikaushe, panda basi la asubuhi inayofuata.

Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, upele usio wa kawaida au uchovu mzito ukiwa njiani, usiendelee kupanda. Nenda hospitali iliyo karibu, omba oksijeni, na mwambie daktari moja kwa moja kwamba umetoka kuzama na lini. Daktari wa bara asiyeambiwa atafikiria malaria.

Wageni wangu wanataka Zanzibar na Kilimanjaro. Kipi kitangulie?

Mlima utangulie. Baada ya mlima wapumzike siku moja, wanywe maji ya kutosha, kisha wazame. Wakianza na bahari, lazima wasubiri hata kabla ya kuruka kuja uwanja wa ndege wa KIA, kisha waingie lango la Machame au Marangu ambayo yote yako karibu na mita 1,800 au zaidi, wakielekea 5,895. Mwongoza watalii asiyezamia hawezi kulijua hili, kwa hiyo waulize wageni siku ya kupanga ratiba.

Na Ziwa Chala?

Ni maji ya mwinuko: mbizi yoyote kwenye maji yaliyo zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari inahitaji hesabu za mwinuko na mafunzo yake. Ukaguzi wa vifaa peke yake hautoshi.

Nikirudi nyumbani nivitunzeje?

Suuza pwani siku ileile, halafu loweka tena nyumbani kwenye maji ya uvuguvugu, kifuniko cha vumbi kikiwa kimekauka na kufungwa. Regulata ikiwa haina presha usibonyeze kitufe chake cha katikati ndani ya maji, utafungua njia ya maji kuingia kwenye hosi. Jaketi liwekewe maji safi ndani, lizungushwe, limwagwe, kisha liachwe na hewa kidogo. Kausha kivulini. Ning'iniza regulata mahali pakavu, hosi zikiwa zimejikunja kwa duara pana, na funika vipande vya mdomoni kwa kitambaa safi ili mende wasiingie.